Kwa Nini Tunasita Kubadili Mfumo Endeshi wa Kompyuta, na Tufanye Nini

(Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano na kuandaliwa kwa ajili ya kijitabu hiki)



Mara nyingi tunapokutana nanyi huzungumzia vifurushi vya intaneti, usajili wa laini na matapeli wa ujumbe mfupi. Leo tumechagua jambo lisilopigiwa kelele sana, ingawa linamgusa kila mwenye kompyuta nyumbani, dukani au ofisini, na hata asiye na kompyuta anayekwenda kuchapishiwa barua kwa jirani. Jambo hilo ni kusita kubadili mfumo endeshi wa zamani.

Hatukuja kumwamuru mtu aende dukani kununua kompyuta mpya. Tumekuja kueleza kilichobadilika, hatari iliyopo, njia zilizo wazi kwa mtumiaji na gharama ya kila njia. Uamuzi utabaki kuwa wenu.

Kilichotokea tarehe 14 Oktoba 2025

Mfumo endeshi ni programu mama. Ndio unaoiwezesha kompyuta kuwaka, kufungua faili, kuitambua printa na kuingia kwenye intaneti. Programu nyingine zote, iwe ya kuandikia barua, ya hesabu au ya kuvinjari mtandao, hufanya kazi juu yake. Kompyuta nyingi zilizo majumbani mwetu na kwenye maduka ya stesheneri hutumia Windows, mfumo unaotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Toleo la Windows 10 lilitoka tarehe 29 Julai 2015. Kwa miaka kumi kampuni iliendelea kulitengenezea viraka vya usalama kila mwezi. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma hiyo ya bure ilifikia ukomo. Kompyuta hazikuzimika. Asubuhi ya tarehe 15 ziliwaka kama siku zote, printa zikachapa, faili zikafunguka, na kwa sababu hiyo watu wengi hawakuona kwamba kuna kitu kimepungua. Kilichopungua ni ulinzi. Tundu likigunduliwa leo kwenye mfumo huo, hakuna tena anayekuja kuliziba bila mtumiaji kuchukua hatua.

Mrithi wake, Windows 11, alitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Mwenye leseni halali ya Windows 10 na kompyuta inayokidhi vigezo anaruhusiwa kuhamia huko bila kulipia leseni nyingine. Kwa hiyo kwa miaka minne kabla ya ukomo kulikuwa na mfumo mpya wa bure, na bado watu wengi, hapa na ng'ambo, walibaki walipo. Ni lazima tujiulize kwa nini.

Sababu za kusita, na uzito wake

Mtu anayesita kubadili mfumo mara nyingi huitwa mvivu au mshamba wa teknolojia. Sisi hatukubaliani na lugha hiyo. Tukizipima sababu zinazotolewa, nyingi zina msingi.

Sababu ya kwanza ni kwamba kompyuta bado inafanya kazi. Mwenye duka aliyeinunua kwa akiba ya miezi mingi haoni kwa nini aivuruge. Ameshazoea kila kitufe kilipo, na kila dakika anayotumia kujifunza upya ni dakika ambayo mteja amesimama akisubiri. Hii ni hesabu ya kibiashara, na ni halali.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Wapo watumiaji wanaokumbuka Windows Vista, iliyoingia madukani tarehe 30 Januari 2007. Ilikuwa nzito kwa kompyuta nyingi za wakati ule, na vifaa vingi, zikiwamo printa, viligoma kufanya kazi nayo. Wengi waliamua kubaki na Windows XP ya mwaka 2001 mpaka Windows 7 ilipotoka mwaka 2009. Kisha mwaka 2012 ikaja Windows 8, iliyoondoa kitufe cha kuanzia kazi ambacho watu walikuwa wamekizoea tangu miaka ya 1990. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka uliofuata kampuni ilikirudisha kitufe hicho katika toleo la 8.1. Aliyepitia hayo mawili hawezi kulaumiwa akisema kwamba atasubiri wengine watangulie.

Sababu ya tatu ni kusukumwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtumiaji anapoona kila siku dirisha linamjia katikati ya kazi likimtaka abadili mfumo, huanza kujiuliza nani hasa anafaidika. Shaka hiyo nayo haikuzuka hewani. Mwaka 2016, wakati watu wa Windows 7 na 8.1 walipokuwa wakihimizwa kuhamia Windows 10, tangazo la kuwahimiza lilibadilishwa kiasi kwamba mtu aliyebofya alama ya kulifunga alihesabiwa kuwa hajakataa, na mabadiliko yakaendelea kwa tarehe iliyokwisha kupangwa. Katika jimbo la California nchini Marekani, mfanyabiashara mmoja ambaye kompyuta yake ya kazi ilibadilishwa bila idhini yake na kuharibikiwa alikwenda mahakamani, akapewa dola 10,000. Kampuni ilikanusha kufanya kosa lakini ililipa, na baadaye ilibadilisha tangazo lile ili kukataa kuwe kukataa.

Sababu ya nne ni bando. Faili la kusakinisha Windows 11 linazidi gigabaiti 5, na baada ya hapo kuna masasisho ya kila mwezi. Aliye na intaneti ya waya isiyo na kikomo hahisi kitu. Anayewasha mtandao kwa simu na kununua kifurushi cha siku anaona pesa ikiyeyuka, na umeme ukikatika katikati ya zoezi wasiwasi wake huongezeka.

Sababu ya tano ndiyo nzito kuliko zote: kompyuta yenyewe imekataliwa. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya kampuni. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8. Kwa lugha nyepesi, kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 zimeachwa nje, hata kama ni nzima, zina kasi na zimetunzwa vizuri. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kompyuta zinazouzwa kwetu ni zile zilizokwisha kutumika nchi nyingine, kigezo hiki kinawabana watumiaji wetu kuliko wanaonunua mpya.

Sababu ya sita haisemwi hadharani. Mashine nyingi zimewekewa nakala ya Windows isiyo na leseni, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Alilipia kompyuta, fundi akamwekea mfumo, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu kinachoitwa leseni. Mtu huyu anaogopa kugusa masasisho kwa sababu aliambiwa "usiruhusu isasishe, itajifunga".

Hatari iliyopo ni ya kweli

Baada ya kukubali uzito wa sababu hizo, tunapaswa kusema upande wa pili kwa uwazi uleule.

Kiraka cha usalama kina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Kampuni inapotoa kiraka, inawaonyesha pia wadukuzi mahali tundu lilipokuwa. Wadukuzi hulinganisha mfumo kabla na baada ya kiraka, wakaelewa udhaifu, kisha wakawatafuta ambao hawajaweka. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zinazofanana. Kwa hiyo kila mwezi Windows 11 inapozibwa tundu, upo uwezekano kwamba tundu hilohilo limebaki wazi kwenye Windows 10 isiyopokea viraka, na safari hii likiwa limeshatangazwa.

Tunao mfano ambao dunia nzima iliushuhudia. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika mifumo yake. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilipitia tundu hilo. Iliyafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin ili yafunguliwe. Ndani ya siku chache ilikuwa imeingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa na upasuaji. Wengi wa walioumizwa walikuwa na Windows 7, mfumo ambao kiraka chake kilikuwapo tayari, hawakuwa wamekiweka. Waliokuwa na mifumo iliyokwisha kuachwa, kama Windows XP, hawakuwa na kiraka kabisa hadi kampuni ilipotoa kimoja kwa dharura baada ya madhara kutokea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wapo wanaosema, "Mimi nina programu ya kuzuia virusi, inatosha." Ni kweli kwamba programu hizo zinasaidia, na Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows 10, taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Lakini kinga ya virusi hufanana na mlinzi wa getini. Humtambua mwizi ambaye sura yake imekwisha kusambazwa. Haizibi tundu lililo ukutani.

Anayeumia si mwenye kompyuta peke yake

Tungependa hapa kuzungumza na ndugu zetu wenye maduka ya stesheneri na vituo vya intaneti, kwa sababu wao ni watumiaji na pia ni watoa huduma.

Hebu tufikirie kazi za siku moja katika duka la namna hiyo. Mtu analeta kitambulisho cha NIDA kitolewe nakala. Mwingine anaomba kazi mtandaoni na kuacha vyeti vyake vyote kwenye kompyuta. Mwanafunzi anajaza maombi ya mkopo akiandika nywila yake. Mama anafungua barua pepe aliyotumiwa na mwanawe aliye nje ya nchi, na kuondoka bila kutoka kwenye akaunti. Flashi ishirini za watu tofauti huchomekwa kwenye mashine ileile. Kompyuta hiyo ikiingiliwa, aliyesita kubadili mfumo ni mmoja, na watakaopoteza ni wateja ambao hawakuulizwa wala hawakujua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde. Hatusemi haya kuwatisha wenye maduka madogo. Tunasema ili hesabu ya kubadili au kutobadili ifanywe kwa kuzingatia pia wateja walio upande wa pili wa meza. Nao wateja wanayo haki ya kuuliza, "Kompyuta hii inapokea masasisho?" na kuomba mafaili yao yafutwe kazi inapokwisha.

Njia zilizo wazi kwa mtumiaji

Njia ya kwanza ni kuhamia Windows 11, kama kompyuta inakubali. Fungua mipangilio ya kompyuta, ingia sehemu iitwayo Windows Update, nayo itakueleza. Ipo pia programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, inayotaja kigezo gani kimekosekana. Wakati mwingine chipu ya TPM ipo ila imezimwa tu, na fundi anayejua kazi yake anaweza kuiwasha kwa dakika chache. Usikubali kuuziwa kompyuta nyingine kabla ya jambo hilo kukaguliwa.

Njia ya pili ni kuongeza muda. Kampuni imeweka mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji binafsi wa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtumiaji anaweza kujiunga bila malipo kwa kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti yake ya Microsoft, au kwa kutumia pointi 1,000 za zawadi za kampuni hiyo, au kwa kulipa dola 30 mara moja. Kompyuta lazima iwe na toleo la 22H2 la Windows 10, na lazima uwe na akaunti ya Microsoft. Malipo ya mtu mmoja yanaweza kutumika kwa kompyuta zake hadi 10. Makampuni na taasisi zina mpango wao wa bei ya juu: dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka. Njia hii inampa mtu nafasi ya kupumua na kupanga bajeti. Haiondoi tatizo.

Njia ya tatu ni kuweka mfumo mwingine. Mifumo ya familia ya Linux, kama Ubuntu na Linux Mint, ni ya bure, haina suala la leseni, na inaendelea kupokea viraka. Linux Mint inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazofaa. Kwa kuandika barua, hesabu na mawasilisho ipo programu ya LibreOffice. Programu huria si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tahadhari ni hii: programu za uhasibu au za usanifu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee zinaweza zisifanye kazi, na baadhi ya printa husumbua. Jaribu kwanza. Mifumo mingi ya Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye kompyuta, ukaangalia printa, sauti na intaneti, kisha ukaamua.

Njia ya nne ni kuitenga kompyuta na intaneti. Kama kazi yake ni kuchapa tu, au kutunza kumbukumbu za mauzo, inaweza kuendelea kutumika bila kuunganishwa na mtandao, huku ukichunguza kila flashi inayoingia. Si suluhisho kamili, lakini ni salama kuliko kuiacha mtandaoni bila viraka.

Kununua kompyuta nyingine tunaiweka mwisho makusudi. Ni njia ya gharama kubwa, na kompyuta nzima iliyotupwa ni hasara kwa mwenyewe na taka kwa mazingira.

Kabla ya kubofya "ndiyo"

Kwa aliyeamua kuhamia mfumo mpya, tunashauri afuate mpangilio huu:

1. Hifadhi nakala ya mafaili yako mahali pengine, iwe diski ya nje au flashi kubwa. Kisha fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye nakala hiyo, uhakikishe yanasomeka. Mabadiliko ya kawaida huacha mafaili na programu mahali pake, lakini umeme hauweki ahadi.

2. Orodhesha programu na vifaa unavyotegemea kwa riziki yako: printa, skana, programu ya mauzo. Uliza aliyekuuzia au angalia tovuti ya mtengenezaji kama vinaendana na mfumo mpya.

3. Chagua siku isiyo na kazi nyingi. Usianze siku ya kufunga hesabu za mwezi au wiki ya kufungua shule.

4. Punguza gharama ya bando. Windows inaruhusu kuutambulisha mtandao wako kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, ili masasisho makubwa yasishuke ovyo. Mwenye kompyuta kadhaa anaweza kupakua mfumo mara moja, akauweka kwenye flashi na kuutumia kwa zote, mradi kila moja ina leseni yake. Upo pia mpangilio unaoruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kugawiana masasisho.

5. Hakikisha betri imejaa au kuna chanzo cha umeme cha akiba.

6. Kumbuka kwamba ndani ya siku 10 baada ya kuhamia Windows 11 unaweza kurudi Windows 10 kupitia mipangilio. Zitumie siku hizo kujaribu kila kitu. Usingoje siku ya 11 ndipo uchomeke printa.

Unaponunua kompyuta iliyotumika

Tunalieleza jambo hili kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo mtumiaji wa kawaida anapoweza kupoteza pesa nyingi kwa siku moja.

Makampuni na ofisi za ng'ambo zinapoondoa kompyuta zilizoshindwa vigezo vya Windows 11, mashine hizo hazipotei duniani. Nyingine huuzwa tena, na nyingine husafirishwa. Zinaweza kuwa nzuri kwa umbo na bei. Swali la mnunuzi liwe hili: nitaitumia kwa mfumo gani, na mfumo huo utalindwa mpaka lini?

Kabla ya kutoa pesa, omba kompyuta iwashwe na uangalie mambo manne: kizazi cha prosesa, ukubwa wa RAM, kama TPM 2.0 ipo, na kama mfumo uliomo umeidhinishwa kwa leseni. Yote hayo yanaonekana kwenye mipangilio. Muuzaji akisema "ina Windows 11" usiishie hapo. Zipo mbinu za kulazimisha Windows 11 iingie kwenye kompyuta isiyokidhi vigezo. Itawaka, na itapendeza machoni, lakini Microsoft haitoi uhakika kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho. Utakuwa umelipia bei ya mfumo mpya ukapata wasiwasi wa mfumo wa zamani.

Dai risiti ya EFD, na uombe iandikwe sifa za kompyuta na muda wa dhamana. Neno la mdomo halitakusaidia wiki mbili baadaye.

Matapeli hufuata wasiwasi

Kila panapotokea tarehe ya ukomo, hutokea pia watu wa kuitumia. Tunawaomba mzingatie yafuatayo.

Microsoft haiwapigii watumiaji simu kuwaambia kompyuta zao zina virusi. Anayekupigia na kukutaka usakinishe programu ya kumwezesha kuiendesha kompyuta yako akiwa mbali ni tapeli. Kadhalika dirisha linalotokea ghafla likiwa na namba ya simu ya kupiga.

Usipakue Windows kutoka kwenye tovuti au makundi ya kugawiana mafaili. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji tu. Nakala "zilizofunguliwa" huweza kuja na programu hasidi ndani yake, na ukishaisakinisha mwenyewe, umemkabidhi mgeni funguo za nyumba.

Ukipata ujumbe mfupi wa kitapeli, usiujibu. Usambaze kwenda namba 15040. Ukiwa umekwisha kutoa nywila au fedha, badilisha nywila kupitia kifaa kingine, ijulishe benki au kampuni ya simu mara moja, kisha toa taarifa polisi.

Haki ya mtumiaji na wajibu wa kampuni

Tusingetenda haki kama tungemaliza kwa kumbebesha mtumiaji mzigo wote. Mtu aliyenunua kompyuta mpya mwaka 2017 hakuambiwa dukani kwamba baada ya miaka minane mfumo wake ungeachwa na mfumo mpya ungemkataa. Hilo ni suala la haki ya kupata taarifa, nayo ni haki ya msingi ya mtumiaji.

Mwezi Septemba 2025 shirika la watumiaji la Marekani, Consumer Reports, liliiandikia Microsoft kuiomba iendelee kutoa masasisho ya bure kwa ambao kompyuta zao haziwezi kuhama. Barani Ulaya, baada ya shinikizo la mashirika ya watumiaji, kampuni ilikubali kwamba wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wapate mwaka wa ziada bila malipo na bila sharti la kuhifadhi mipangilio kwenye akaunti. Sisi wa nje ya eneo hilo tulibaki na masharti ya awali. Tofauti hiyo haikuletwa na ubora wa kompyuta zao. Ililetwa na watumiaji waliojipanga na kudai. Ndiyo maana tunawahimiza mlete malalamiko yenu kwa maandishi, hata yale mnayodhani ni madogo.

Kwa upande wa biashara za hapa nchini, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu sifa za bidhaa. Muuzaji anayesema kompyuta inakidhi vigezo na kumbe haikidhi, au anayeuza nakala isiyo na leseni kana kwamba ni halali, anavunja haki yako. Anza kwa kumrudia muuzaji mwenyewe ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kama ni suala la taarifa zako binafsi kuvuja au kutumiwa bila ridhaa, nenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama hujui uanzie wapi, fika katika ofisi zetu, nasi tutakuelekeza.

Hitimisho

Ndugu zetu, kusita si kosa. Mtumiaji anayeuliza maswali kabla ya kukubali ndiye mtumiaji tunayetamani kumwona kila mahali. Tunachoomba ni kwamba kusita kuwe na ukomo, na kuwe na mpango ndani yake.

Kwa hiyo mkifika nyumbani au dukani leo, fanyeni mambo matatu. Angalieni kompyuta yenu inatumia toleo gani. Angalieni kama inakubali kuhamia Windows 11. Na kama haikubali, chagueni moja kati ya njia tulizozieleza, muiandikie tarehe kwenye kalenda. Aliyejiunga na masasisho ya ziada ana muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Asiyejiunga, na bado anaingia mtandaoni kila siku kwa Windows 10, tunamwomba asingoje mkutano wetu ujao.

Sasa tunakaribisha maswali.